Insha ya Matabishi

Insha ya kwanza ya Djibril Useni ilikuwa na moto tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mlima ulipasuka ndani yake, anga likawa jekundu, watu wakajaa barabara ya Sake na magodoro kichwani. Na msomaji akidhani amepona, waasi walishuka vilimani na bunduki zao. Djibril aliiandika kwa siku tatu katika nyumba yao ya mbao huko Mabanga, mjini Goma, akiisoma kwa sauti, akifuta neno jepesi na kuweka zito, na alipoweka nukta ya mwisho alijiona kijana wa kugombaniwa na vyuo.

Chuo chenyewe kilikuwa kimoja tu. Kilikuwa chuo cha uchumi cha Dar es Salaam, nacho kilikuwa kimetangaza nafasi kwa vijana wa nchi za maziwa makuu: miaka mitatu ya masomo, chumba, chakula na tiketi ya kwenda. Kila mwombaji aandike insha ya kurasa mbili, kwa Kifaransa, Kiingereza au Kiswahili, kujibu swali moja: kwa nini unataka kusoma uchumi? Umri usizidi miaka ishirini na miwili.

Djibril alikuwa nayo ishirini na miwili kamili. Alipata diploma yake ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, kwa asilimia sabini na moja mwaka ule ule wa volkano, 2021, na tangu hapo alikuwa akiuza vocha za simu chini ya mwavuli, akiwatazama wenzake wenye uwezo wakipita na madaftari. Mwaka ujao asingeruhusiwa tena kuomba. Ilikuwa sasa, au mwavuli hadi uzee.

Kwa hiyo alivaa shati lake jeupe, akaitia insha katika bahasha, akatembea hadi mtaa wa Himbi, kwenye ofisi iliyopokea maombi ya Goma.

Aliyeyapokea aliitwa madame Émérance, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kazi yake haikuwa kuhukumu. Alitakiwa tu kuhakikisha kwamba dosie, yaani faili la mwombaji, imekamilika na kuituma. Lakini alikuwa na tabia ya kusoma kila kitu kilichopita mezani kwake, na insha ya Djibril aliisoma palepale, mwenyewe akiwa amesimama mbele yake.

"Umeandika muzuri, papa," alisema. "Hapa kwa ukurasa wa kwanza, kidogo nilie."

Djibril akainua kidevu.

"Sasa nakuuliza. Nimeshapokea insha arobaini na moja. Unazani ngapi ziko na volkano?"

"Sijui, madame."

"Thelathini na nane."

"Na zile tatu?"

"Ziko na bunduki tupu."

Kidevu kikashuka kidogo. "Madame, volkano ilitupata kweli. Mimi sikuitunga."

"Nani amesema uliitunga? Mimi pia nilikimbia mpaka Sake, na hii miguu yenye unaona. Lakini hawajauliza ulikimbia namna gani. Wameuliza juu ya nini unataka kusoma uchumi. Nikishamaliza kulia, bado sijui wewe unafikiri nini. Kwa hii karatasi yako hakuna mutu mwenye anachagua kitu. Hakuna mwenye anauza, hakuna mwenye ananunua. Kuko tu batu beko nakimbia." Akamrudishia bahasha. "Mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na nne. Uko na siku saba. Niletee yenye iko na kichwa yako ndani."

Djibril alirudi kutoka Himbi hadi Mabanga bila kusalimia mtu. Mawe meusi ya barabarani, yale yaliyokuwa uji wa moto katika mlipuko wa zamani, kabla yeye hajajua kutembea vizuri, alikuwa akiyapiga mateke moja moja. Kichwa chake hakikuwa na insha nyingine. Hilo ndilo lililomwuma. Alikuwa amemimina vyote, na vyote vilikuwa vile vile vya watu arobaini.

Alijitupa kwenye kigoda nyuma ya meza ya mama yake sokoni, akakunja mikono.

Mama yake, Shakila, aliuza maharage. Alikuwa mwanamke mpana, mzaliwa wa Kasongo kule Maniema, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya soko bila kuinuliwa. Mbele yake kulikuwa na marundo matatu, mekundu, meupe na ya madoadoa, na kopo la maziwa ya unga lililoondolewa mfuniko, ambalo ndilo kipimo cha Mabanga nzima.

Lakini Mabanga hakuna anayemaliza biashara kwa kopo lililosawazishwa. Kopo likishamiminwa ndani ya mfuko wa mteja, mkono wa muuzaji unarudi kwenye rundo, unachota konzi moja na kuitupa juu yake, bure. Hiyo ndiyo matabishi. Haina bei, haijadiliwi, haiandikwi popote. Ndiyo inayomrudisha mteja kesho. Mwanamke anayenyima matabishi husemwa hadi msibani.

"Mama Shakila," alisema mteja mmoja siku hiyo, mama Mukabalisa, aliyekuwa akinunua hapo tangu Djibril akiwa shule ya msingi. Alikuwa ameushika mfuko wake wazi, akiuchungulia. "Siku hizi mukono yako imekuwa mufupi."

Soko zima la maharage likageuka.

"Mukono gani?" Shakila aliuliza.

"Huu huu wenye ulikuwa unanipatiaka konzi nzima. Sasa unanitupia za kuku."

"Mukabalisa, macho yako yamezeeka, usisingizie mukono yangu!"

"Macho yamezeeka, ndiyo. Lakini sufuria yangu haijazeeka, na inaniambia."

Wauzaji wakacheka, Shakila naye akacheka kwa jino moja, akamwongezea konzi nyingine kwa mbwembwe ili kila mtu aone. Mama Mukabalisa akaondoka. Jambo likaisha.

Ila kwa Djibril halikuisha. Kwa kuwa hakuwa na la kufanya ila kukasirika, alianza kuutazama mkono wa mama yake. Mteja akaja. Kopo likajaa, likamiminwa, mkono ukarudi kwenye rundo, ukafumba. Na ulipofika juu ya mfuko ukafunguka nusu, ukatupa nusu, na nusu nyingine ikarudi kwenye rundo pamoja nao. Mteja wa pili, vile vile. Wa tatu, vile vile. Uso wa mama yake ulikuwa ukizungumza habari za ndoa ya jirani. Mkono ulikuwa ukifanya kazi yake peke yake.

"Mama," alisema soko lilipotulia, "Mukabalisa hakukosea."

"Sema tena?"

"Matabishi yako imekatika nusu. Nimehesabu batu saba."

Shakila aliliweka kopo chini polepole. "Mimi Shakila, miaka kumi na tisa kwa hii meza. Nimekuzaa, nimekusomesha na haya maharagi, leo unakaa mugongo yangu unanipima kama mwizi?"

"Sikusema mwizi."

"Umesema nini basi? Kwa soko hii, mwenye anakula matabishi ya batu anaitwa nani? Askofu?"

"Mama, niuzie mimi. Kopo moja. Kama vile haunijui."

Aliushika mfuko mbele yake. Shakila, kwa hasira, alijaza kopo hadi likafurika, akalimimina, akapeleka mkono kwenye rundo, akaufumba, akauleta. Ukafunguka nusu. Akauona. Wote wawili wakautazama ule mkono uliosimama hewani na maharage yaliyobaki ndani yake, kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyepita akausahau.

"Wallahi," alisema Shakila, kwa sauti ambayo haikufika hata meza ya pili. "Nani amefundisha huu mukono hivi?"

Hilo ndilo swali Djibril alilokuwa akilitafuta tangu Himbi, na hakujua kama alikuwa akilitafuta. Alisahau kukasirika. Alisimama.

Siku iliyofuata alikuja na bilauri ndogo ya chai. Aliwaomba wateja, mmoja mmoja, wamruhusu kufanya alichokuwa akikiita "mtihani": anayamimina maharage yao tena ndani ya kopo, analisawazisha, na yanayobaki anayatia katika bilauri. Yanayobaki ndiyo matabishi. Wengine walimfukuza. Wengi walikubali, kwa sababu kila mnunuzi wa Mabanga anaamini kwamba anapunjwa na anapenda kuthibitishiwa. Kwa mama yake bilauri ilifika nusu. Kwa wale wawili waliokaa karibu naye, nusu au chini yake. Wote waliapa kwamba konzi yao ni ile ile ya siku zote. Na bei ya kopo haikuwa imepanda hata kidogo.

Ndipo mama yake, aliyekuwa akijifanya hamwoni, akamwita.

"Wewe mwenye bilauri. Unapima huku tu?"

"Juu ya nini?"

"Sisi bote wa huku tunapataka maharagi ya Rutshuru, yenye inapita Kibati. Nenda ule upande mwingine, kwa mama Umwiza na benzake. Bale banapataka ya Masisi, inapita Sake." Akavuta kanga begani. "Kama umeamua kunifanya mwizi, jua kwanza kama soko yote ni bezi."

Djibril alimtazama. Alikuwa amefundishwa uchumi na walimu wanne katika shule ya sekondari, na hakuna aliyewahi kumwambia jambo lenye akili kuliko hilo.

Upande wa mama Umwiza, bilauri ilijaa hadi ukingoni. Alirudi kesho yake, ikajaa. Kesho kutwa, ikajaa. Kwa siku tano alipima wauzaji kumi na watatu: wanane wa barabara ya Kibati, watano wa barabara ya Sake. Maharage yale yale, msimu ule ule, bei ile ile, soko moja, watu wanaoazimana chumvi. Mikono ya Sake ilikuwa imejaa. Mikono ya Kibati ilikuwa imefumba.

Siku ya tano, mama yake alikuwa akipanga magunia aliposimama ghafla.

"Havugimana hakunywa chai," alisema.

Havugimana alikuwa mwanaume wa Kibati aliyemletea maharage kwa chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili ambalo dereva wake huliendesha kwa goti kwenye mteremko na kulisukuma kwa kifua kwenye mlima. Mara mbili kwa wiki alishuka na magunia matatu kutoka Kibumba, huko kaskazini karibu na vilima vya waasi. Na kila mara alikaa, akanywa vikombe viwili vya chai yenye tangawizi, akasimulia habari za huko juu hadi Shakila amfukuze, kisha akatafuta chumvi au sabuni ya kupandisha kwao.

"Hakunywa lini?"

"Tangu wiki tatu. Anashusha magunia, anageuza chukudu, anaenda. Bila kitu juu. Chukudu tupu mpaka Kibati! Nilimuita, akasema kesho."

Havugimana alifika keshoye asubuhi, na kabla hajageuza chukudu Djibril alikuwa amekaa juu yake.

"Muzee, juu ya nini haunywi tena chai ya mama?"

"Yampaye inka! Chai imekuwa deni ya serikali?" Havugimana alimaka kwa Kinyarwanda, kisha akacheka, lakini macho yake yalikuwa barabarani. "Toka hapo, kijana."

"Waasi banakuja?"

"Mimi niko jenerali? Sijui kitu. Hakuna mutu ameniambia kitu."

"Basi kunywa chai."

Havugimana alijipangusa jasho shingoni. Alionekana kuona haya, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anatembea na mwavuli wakati jua linawaka. "Sijui kitu," alirudia. "Napenda tu kuwa kwa nyumba mapema. Jirani yangu alishusha ng'ombe zake wiki iliyopita, anasema majani ya huku chini ni tamu. Tamu ya nini, kumejaa mawe. Na ule wa Kibumba mwenye ananiuziaka, zamani alikuwa anajaza gunia mpaka anashindwa kushona. Sasa anashona muzuri, chini kidogo, kama fundi wa suti." Alipima kwa vidole: upana wa kiganja. "Nilimuuliza. Akasema ni vile vile tu. Twende, kijana, toka."

Djibril alitoka. Alimtazama akipanda kuelekea kaskazini na chukudu tupu, kisha akarudi kwenye meza, akakaa nyuma ya mama yake, akaanza kuandika hapo hapo, sokoni, mchana kweupe, huku watu wakiiruka miguu yake.

Hakutafuta neno zito. Aliandika kwamba mtu wa Kibumba ameshona gunia chini kwa kiganja kimoja na hajui kwa nini. Kwamba mwenye chukudu ameona gunia na ng'ombe wa jirani, akaacha chai, na hajui kwa nini. Kwamba Shakila, muuzaji wa Mabanga, ameona chai imepoa kikombeni, na mkono wake ukafumba nusu, na alikuwa tayari kuapa kwamba haukufumba. Aliandika hesabu ya bilauri, wanane kwa watano. Akaandika kwamba watu wanatazama bei ili wajue hali ya nchi, lakini bei ya Mabanga inaona haya. Haipandi mpaka iwe haina njia nyingine. Kinachotangulia ni kile kinachotolewa bure. Hapo alisimamisha kalamu, akahema, kisha akaandika sentensi ambayo mtu mwoga asingeiandika: "Leo ni tarehe kumi na tatu Oktoba. Redio inasema barabara ya Rutshuru iko salama. Mimi nasema kabla ya mwezi huu kuisha maharage hayatapita Kibati. Kama nimekosea, msinichukue. Kama sikukosea, nataka kusoma uchumi ili nijue kwa nini sikukosea."

Alimsomea mama yake. Shakila alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kopo tumboni.

"Umeandika jina yangu."

"Naweza kufuta. Naandika 'muuzaji mumoja'."

"Ufute nini? Kama ni kusema mukono yangu ulijua mbele ya redio, andika jina muzima. Shakila binti Ramazani. Na uandike Kasongo."

Ijumaa, baada ya swala, madame Émérance aliisoma insha ya pili akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Hakulia. Aliigonga muhuri, akaitia kwenye skana, akaituma. Ndipo akavua miwani.

"Papa Djibril."

"Madame."

"Kwa hiyo ninunue maharagi?"

"Nunua leo."

Mapigano yalianza upya siku sita baadaye. Kabla ya mwezi kuisha barabara ilikuwa imefungwa, na watu wa Kibumba walikuwa chini ya hema kule Kanyaruchinya, nje kidogo ya Goma, wengine hata hema hawakuwa nalo. Bei ya kopo ikapanda mara moja, ikapanda tena. Havugimana alishuka siku ya pili ya mapigano, mke mbele, watoto wanne juu ya chukudu mahali pa magunia, akafikia kwa Shakila. Alikunywa vikombe vitatu bila kusimulia chochote.

Djibril alitembea katika siku zile na kitu kifuani ambacho hakujua akiite nini. Alikuwa sahihi. Kila mteja aliyegeuka na mfuko mtupu alikuwa ushahidi wake.

Simu ya Himbi ililia mwezi Desemba. Jopo la chuo linataka kumwona, kwa kompyuta, ofisini kwa madame Émérance. Walikuwa watatu kwenye kioo: mwenyekiti mwenye mvi, mwalimu mwanamke mwenye kilemba cha buluu, na kijana aliyekuwa akiandika tu. Kiswahili chao kilikuwa laini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Djibril aliketi wima. Madame Émérance alikaa pembeni, nje ya kamera, mikono katikati ya magoti.

"Bwana Djibril," alianza mwenyekiti, "insha yako imetusumbua. Lakini mwezi wa kumi mavuno ya kwenu yanakuwa bado. Maharage huadimika kila mwaka wakati huo. Huenda ulichokiona ni msimu tu."

"Ingekuwa msimu, mheshimiwa, mikono ya Sake ingefumba pia. Masisi wanavuna mwezi mmoja na Rutshuru. Nilipima wote."

"Ulifikiriaje kuwapima?"

"Sikufikiria mimi. Mama alinituma."

Kijana aliyekuwa akiandika aliinua kichwa, akatabasamu. Yule mwanamke hakutabasamu.

"Nina swali lisilo zuri," alisema. "Uliona mapema. Ukafanya nini? Mlinunua mkaficha, mkauza bei ilipopanda?"

Madame Émérance alifumba macho.

"Tulinunua magunia mawili zaidi," alisema Djibril. "Moja tumelila, sisi na familia ya watu sita iliyotoka Kibati. Lingine tumeliuza, kwa bei ya siku ile. Sitawadanganya na sioni haya. Lakini nawaambia kinachoninyima usingizi. Yule mtu wa Kibumba alijua, kwa sindano yake ya kushonea gunia. Jirani wa Havugimana alijua. Mama yangu alijua. Wote walijua, na hakuna aliyejua kwamba anajua, kwa sababu hakuna aliyekaa kuwatazama. Kama mtu angekuwa na kazi ya kuzipima konzi za soko letu kila wiki, kama wale wenye kazi ya kupima moshi wa mlima, watu wa Kibumba wangeshuka na ng'ombe wao na vyakula vyao wiki mbili mapema, kwa miguu yao, bila kukimbia. Kazi hiyo haipo. Naitaka."

Mwenyekiti akanong'ona na wenzake, kisha akarudi na uso uliofunguka.

"Hongera, kijana. Tumekubali kukupa nafasi. Tuna viti viwili vilivyotengwa kwa ajili ya waathirika wa vita na maafa, vyenye malipo yote. Kimoja ni chako."

Madame Émérance alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Djibril hakusogea.

"Insha yangu ilipata nafasi ya ngapi, mheshimiwa?"

"Samahani?"

"Kati ya zote."

Mwenyekiti alipekua karatasi. "Ya pili. Kati ya mia tatu na kumi na nne, nchi zote."

"Na viti vya kawaida, vya walioshinda kwa insha, ni vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Basi mimi ni wa pili kati ya kumi na wawili. Niandikeni wa pili."

"Djibril!" ilisikika sauti ya madame Émérance, ya chini na kali. "Kubali! Kiti ni kiti!"

Kwa jicho la ndani Djibril aliuona mwavuli wa vocha. Lakini damu ilikuwa imeshapanda. "Kiti si kiti tu, madame," alisema, akiwatazama wale watatu. "Mlinifundisha kwa swali lenu kutazama anayechagua. Nitazameni basi. Nikikaa kwenye kiti cha maafa, kuna kijana yuko Kanyaruchinya sasa hivi, hana hata kalamu ya kuandikia vizuri, atasimama. Hiyo ndiyo bei ya kiti hicho, nayo hailipwi na mimi, inalipwa na yeye. Na kiti changu cha pili kitapewa wa kumi na tatu, ambaye nilimshinda. Mimi volkano ilinipata, vita vimenipata, sikatai. Lakini sikuwaandikia hivyo. Niliwaandikia hesabu. Kama hesabu ni nzuri, niiteni kwa jina lake. Kama si nzuri, niacheni Goma."

Wale watatu walizima sauti. Midomo yao ilikuwa ikienda. Mwanamke wa kilemba alizungumza kwa muda mrefu kuliko wote, akigonga meza kwa kidole kimoja. Madame Émérance alikuwa akihesabu kitu kwa Kifaransa, au akiomba Mungu. Djibril hakutaka kujua. Alikaza macho kwenye kile kidole.

Sauti ikarudi.

"Bwana Djibril Useni," alisema yule mwanamke, na sasa ndiye aliyekuwa akitabasamu, "mimi nafundisha somo la mwaka wa kwanza kuhusu gharama ya kuchagua. Huwa nahitaji wiki tatu kulieleza. Wewe umetumia dakika moja na umekuwa na ufidhuli mwingi. Tumekuandika wa pili. Kile kiti kingine tutampa mtu wa Kanyaruchinya, na madame hapo atatusaidia kumtafuta. Unakuja Januari. Usichelewe."

Djibril alisema asante mara moja tu, kwa adabu. Madame Émérance alikuwa amemshika shingo, akilia kwa sauti sasa, akimpiga mgongoni kwa ngumi ndogo ndogo. "Kichwa ngumu! Kidogo uniue! Wa pili! Wa nchi zote!"

Safari hii alisalimia kila mtu kutoka Himbi hadi Mabanga. Alisalimia wauza mkate, askari wa barabarani, watu wa pikipiki, hata mlinzi mmoja aliyelala. Alipofika sokoni hakuwa na pumzi. Shakila alikuwa akimpimia mama Mukabalisa, na Havugimana alikuwa akishusha gunia la Masisi, maana sasa alibeba kutoka upande wa Sake.

"Nimepita, mama! Januari, Dar es Salaam! Wa pili kati ya mia tatu na kumi na nne, nchi zote!"

Havugimana alilitupa gunia chini akapiga kelele kwa Kinyarwanda. Mama Mukabalisa akaanza vigelegele, soko zima la maharage likamfuata, upande wa Kibati na upande wa Sake, hadi watu wa makaa wakaja mbio wakidhani ni harusi. Shakila peke yake alibaki amekaa. Alimtazama mwanawe kutoka viatuni hadi kichwani, machozi yakimshuka bila kuyafuta, kidevu juu.

"Wa pili," alisema. "Na ule wa kwanza, mama yake anauzishaka nini?"